Shajara ya mradi: kutafuta chanzo cha harufu ya mwili isiyoisha

Lengo: kujua harufu inatoka wapi na inaletwa na nini, kisha kuipunguza bila kumnyima mtu chakula asichohitaji kunyimwa. Mhusika ni mwanamke mtu mzima, mkaazi wa Kisauni, Mombasa, anayeoga asubuhi na jioni na bado watu wanasogea pembeni akipanda matatu. Ameridhia maelezo yaandikwe bila jina. Wanaofuatilia ni mtaalamu wa lishe, tabibu na mtu wa maabara. Kanuni ya mradi ni moja: kitu kimoja tu hubadilishwa kwa wakati, na kinachopatikana kwa wingi na kwa bei nafuu huchunguzwa kabla ya kile adimu.

Januari, kaskazi imeshika

Kazi ya kwanza ilikuwa kusimamisha kila kinachofunika harufu: udi wa nguo, marashi, dawa ya kupulizia kwapani, poda. Kwa mtu wa Pwani hili ni zito kuliko kutolewa damu, maana nguo isiyofukizwa huonekana haijakamilika. Lakini harufu ndiyo kipimo chenyewe. Ukiifunika, huna cha kupima.

Pua ya mwenyewe haitumiki. Ubongo huzoea harufu iliyo karibu muda wote, ndiyo maana mtu anaweza kunuka asijue. Kuna na kinyume chake: mtu anayeamini kabisa kuwa ananuka ilhali hakuna anayesikia chochote. Huyo hana ujinga wala wazimu. Hali hiyo inajulikana kitabibu na ina matibabu yake, na kumkejeli ni kumuumiza bure. Ili kuwatenganisha hawa wawili inahitajika pua ya nje isiyojua inanusa nini.

Utaratibu wetu ni huu. Fulana tatu nyeupe za pamba, mpya, zinafuliwa pamoja mara mbili kwa sabuni isiyo na manukato. Moja analala nayo mhusika. Ya pili analala nayo mtu mwingine wa nyumba hiyohiyo anayekula kutoka sufuria hiyohiyo. Ya tatu haivaliwi. Asubuhi kila fulana inatiwa kwenye chupa yake ya kioo, inafunikwa, inakaa kivulini saa moja. Mtu wa nne anazipanga na kuandika alama chini ya chupa. Wanusaji wawili, dada yake mhusika na wifi yake, wanafungua moja moja, wanatoa alama 0 hadi 5 na neno moja la kueleza: jasho, siki, shombo, mkojo, mayai viza, tamu. Hawaruhusiwi kusemezana mpaka wote wameandika.

Linaloharibu zoezi hili mara nyingi ni chupa za achari. Kifuniko cha plastiki hakiachi harufu ya embe na haradali hata ukikichemsha. Funika kwa karatasi mpya ya foili na ufunge kwa mpira. Jambo la pili: wapo watu ambao pua zao hazisikii shombo kabisa, ingawa jasho wanalisikia vizuri. Wanusaji wajaribiwe kwanza kwa maji yaliyooshea samaki, yaliyoongezwa maji safi mpaka harufu ibaki kwa mbali. Asiyesikia hapo abadilishwe.

Yaliyopatikana: fulana ya mhusika ilitambuliwa siku nyingi, lakini si zote. Kuna asubuhi ilipata 0 kwa wanusaji wote wawili, na joto lilikuwa lilelile. Hapo palikuwa na taarifa kubwa. Kikwapa cha kawaida hufuata jasho. Harufu inayokuja na kuondoka ina kinachoileta. Daftari la kila siku likafunguliwa: chakula na saa yake, hedhi, dawa, safari ya juani, wasiwasi.

Januari, mwisho: nguo na maji

Hatua hii inadharauliwa, na wengine wangeishia hapa wakapona. Poliesta hushika mafuta ya ngozi kuliko pamba, na bakteria wanaotengeneza harufu hukaa humo. Nguo ikikauka hainuki; ikipata joto la mwili au pasi, harufu inaamka upya. Buibui na blauzi za kazini zilinuswa baada ya kupigwa pasi kwapani, na mbili kati yake zilifeli vibaya hata zilipotoka kamba.

Nguo hizo ziligeuzwa ndani nje, zikalowekwa kwa siki nyeupe kikombe 1 katika maji lita 4, dakika 45, zikasuuzwa vizuri ndipo zikafuliwa kwa sabuni ya unga. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, hata ndani ya beseni lililokuwa na mabaki yake: inatoa gesi ya klorini, na bafu za nyumba zetu hazina hewa ya kutosha. Leso na fulana za pamba zilichemshwa dakika 10.

Maji nayo yana lake. Kisima cha nyumba hii ni cha chumvi. Sabuni ya mche ikikutana na kalsiamu na magnesiamu ya maji hayo haitoi povu. Inageuka utando unaobaki kwenye uzi wa nguo na juu ya ngozi, na utando huo ni chakula cha bakteria. Sabuni ya unga huvumilia maji magumu kuliko ya mche. Suuzo la mwisho likafanywa kwa maji ya mfereji, au ya mvua yakipatikana.

Matokeo: alama za siku za "jasho" zilishuka. Siku za "shombo" hazikugutuka.

Februari: ngozi, kinywa, pua

Tabibu alikagua kwapa, chini ya matiti, kinena, katikati ya vidole vya miguu, kitovu na nyuma ya masikio, kwa taa. Vya kutafuta: punje za manjano zilizogandamana na nywele za kwapa, ambazo ni bakteria na si uchafu, mabaka ya kahawia kwenye mikunjo, yanayong'aa rangi ya matumbawe chini ya taa ya Wood (taa ya miale ya urujuanimno), vishimo vidogo kwenye nyayo za anayevaa viatu vya plastiki, fangasi. Hakuna kilichoonekana isipokuwa wekundu wa kwapani uliotokana na kusugua kwa nguvu.

Kwa kwapa tulianza benzoili peroksaidi asilimia 5 ya kuoshea: ipakwe kwenye ngozi iliyolowa, ikae dakika 2 hadi 3, isuuzwe, mara moja kwa siku; ikiwasha, siku moja ndiyo, moja hapana. Taulo liwe jeupe, maana dawa hii inachujua rangi na buibui jeusi litapata madoa ya shaba. Anayetoka jasho jingi hutumia kloridi ya alumini usiku juu ya ngozi kavu kabisa na kuiosha asubuhi, isiwe siku ya kunyoa. Shabu ya dukani, ikiloweshwa na kupakwa, hufuata njia hiyohiyo kwa nguvu ndogo. Ndimu tuliikataza: inashusha harufu kweli, lakini utomvu wake ukipigwa na jua unaunguza ngozi na kuacha madoa meusi ya miezi.

Kinywa na pua hutenganishwa hivi: mtu abane pua na kupumulia mdomo mbele ya mnusaji, kisha afunge mdomo na kupumulia pua. Mdomo ukinuka peke yake, tafuta ulimi, fizi au vijiwe vya tonsili. Pua peke yake, tafuta sainasi. Zote mbili zikinuka sawa, harufu inatoka kwenye mapafu, maana yake imo ndani ya damu. Siku ya alama 0 zote zilikuwa safi. Siku ya shombo zote mbili zilinuka. Kuanzia hapo hatukutafuta tena juu ya ngozi tu.

Februari, mwisho: damu, mkojo, uke

Vilivyoagizwa: sukari ya kufunga na HbA1c (wastani wa sukari wa miezi michache), kreatinini (kipimo cha figo) na chumvi za damu, vipimo vya ini, TSH (homoni inayoongoza tezi ya shingo), mkojo kwa kijiti na kuoteshwa. Sababu zake ni za moja kwa moja. Kisukari kisichodhibitiwa huleta harufu ya asetoni, kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Figo zikichoka pumzi inakuwa ya amonia. Ini likifeli huleta harufu nzito ya uvundo mtamu. Tezi ya shingo ikizidisha kazi, jasho huzidi. Dawa pia zihesabiwe: baadhi ya dawa za sonona huongeza jasho, na miraa hali kadhalika. Uwatu unaopewa mzazi ili maziwa yatoke hutia harufu tamu kwenye jasho na mkojo, na haina madhara. Anayetumia asihangaishwe na vipimo.

Damu na mkojo vilitoka vya kawaida. Uchunguzi wa uke haukuwa wa kawaida: pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua) zaidi ya 4.5, seli zenye bakteria waliozigandia chini ya darubini, na tone la hidroksidi ya potasiamu likitoa shombo papo hapo. Hayo ni mavurugiko ya bakteria wa uke. Si ugonjwa wa uchafu, na kujiosha ndani kwa sabuni au maji ya ndimu kunauzidisha. Daktari aliandika metronidazoli ya siku 7.

Machi: kungoja

Alama za shombo ziliporomoka ndani ya juma la dawa, na nyumba nzima ilifurahi. Hapa ndipo wengi hufunga daftari. Sisi hatukulifunga, kwa sababu metronidazoli inafanya kazi mahali pawili: inatibu uke, na pia inaua bakteria wa utumbo wanaotengeneza gesi yenye shombo. Nafuu ya wiki ya dawa haisemi ni mlango upi uliofungwa. Lazima dawa itoke, bakteria wa utumbo warudi, ndipo ionekane. Hakuna kipimo kingine kilichofanywa mwezi huu, na chakula kilibaki kama kawaida.

Kuelekea mwisho wa mwezi uke ulipimwa tena ukawa safi. Shombo ilirudi. Ilirudi siku iliyofuata mlo wa papa wa nazi, ikaonekana tena asubuhi baada ya supu ya pweza, na ikawa kali zaidi siku mbili kabla ya hedhi. Fulana ya mwenziwe aliyekula sufuria moja naye ilibaki 0. Fulana hiyo ndiyo inayotuwezesha kuendelea hata kusi ikianza na joto likishuka: kama ni hali ya hewa, wote wawili wangebadilika.

Aprili: samaki kwa mizani

Dhana inayopimwa sasa ni trimethilamini, TMA. Bakteria wa utumbo huitengeneza kutoka kwa kolini na kanitini, virutubisho vya chakula, na kutoka kwa TMAO (oksidi ya TMA) iliyomo ndani ya nyama ya viumbe wa baharini. Kwa kawaida ini huigeuza TMA kuwa TMAO isiyo na harufu, kwa kimeng'enya kinachoitwa FMO3. Kimeng'enya kikiwa dhaifu, au mzigo ukiwa mkubwa kukishinda, TMA hutoka kwa jasho, pumzi na mkojo. Hali hii ilielezwa kitabibu mwaka 1970, na mwaka 1997 ikathibitishwa kuwa kasoro za jeni ya FMO3 huileta. Anayeirithi kwa ukamilifu amepokea nakala yenye kasoro kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Wapo pia wenye udhaifu mdogo unaojitokeza kwa vipindi tu: karibu na hedhi, kwenye homa, au baada ya mzigo mkubwa wa samaki.

Kipimo hufanywa kwenye mkojo, na hakimo katika orodha ya kila siku ya maabara. Zungumza na mkuu wa maabara mapema kama anaweza kuandaa chupa yenye asidi na kupeleka sampuli iliyogandishwa. Asidi ni ya lazima: TMA huwa gesi kwa urahisi, na mkojo usiposhushwa pH chini ya 2 inapaa, jibu linakuja zuri la uongo. Mgonjwa aambiwe wazi kuwa kimiminika cha chupani kinaunguza, asikimwage wala asikojolee moja kwa moja ndani yake. Akojolee kikombe safi kisha amimine taratibu.

Utaratibu: sampuli ya kwanza siku ya chakula cha kawaida. Kisha, siku nyingine, gramu 300 za samaki wa bahari kwa mlo mmoja, zilizopimwa baada ya kutoa mifupa, na mkojo wote wa kuanzia saa 2 hadi saa 12 baada ya kula. Nguru alitumika, wa kuchemsha. Kupaka kwa nazi kungefaa vilevile, ila mchuzi unaobaki kwenye sahani unaharibu hesabu. Kinachoharibu zaidi ni maambukizi ya mkojo au uke, kwa kuwa bakteria hao hutengeneza TMA palepale. Ndiyo maana kijiti cha mkojo kilirudiwa asubuhi hiyohiyo. Friza ya nyumbani haifai, umeme ukikatika sampuli inayeyuka. Ramadhani nayo iepukwe, au iandikwe kando, kwa sababu chakula cha siku nzima hurundikana usiku.

Mei: majibu, na mlo

Mtu ambaye FMO3 yake ni nzima hutoa zaidi ya asilimia 90 ya jumla ya TMA na TMAO kama TMAO. Sampuli ya siku ya kawaida ilikuwa juu ya mpaka huo. Ya baada ya nguru ilikuwa chini yake, si kwa mbali. Tunasoma hivi: uwezo upo, unazidiwa. Sampuli moja haitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa wa maisha, kwa hiyo itarudiwa.

Mlo wa majaribio ni wa wiki mbili na umepangwa na mtaalamu wa lishe. Kolini ni lazima mwilini. Kiwango cha kutosha kwa mwanamke mtu mzima ni miligramu 425 kwa siku, kwa mwanamume 550. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasipunguziwe kolini bila daktari. Mhusika hayumo katika hao, na foliki asidi imehakikishwa, kwani mahitaji yake hupanda kolini ikipungua.

Kilichotolewa kabisa ni vya baharini: samaki, papa, ng'onda, pweza, ngisi, kamba. Papa ana TMAO nyingi kupita samaki wengi. Wauzaji husema samaki mbichi hana shida kwa sababu hanuki. TMAO haina harufu, imo hata kwa aliyevuliwa alfajiri. Samaki wa maji baridi kwa jumla ana kidogo, ila sangara na sato wa Ziwa Victoria wamewahi kupimwa wakakutwa nayo, kwa hiyo nao wamesubirishwa.

Kilichopunguzwa ni kolini. Yai moja kubwa lina miligramu 147 hivi. Gramu 85 za maini ya ng'ombe zina 356. Kidari cha kuku gramu 85, 72. Maharagwe nusu kikombe, 45. Maziwa kikombe, 43. Maini na mayai yakatoka, kuku akabaki kipande kimoja kwa siku. Mbaazi za asubuhi zikaachwa, mahamri yakabaki. Yanayosahaulika ni yaliyojificha: katlesi huchovywa kwenye yai, mkate wa sinia una yai, bhajia ni unga wa dengu. Sukuma wiki na kabichi vimetolewa kwa sababu tofauti: mboga za ukoo huo zina viini vinavyoweza kukizuia kimeng'enya chenyewe. Nafasi yake imechukuliwa na mchicha, bamia, biringani na malenge kutoka soko la Kongowea. Wali wa nazi, muhogo, ndizi, viazi, embe havikuguswa.

Vidonge visomwe lebo. Vingi vya vitamini B mchanganyiko huongezwa kolini, na unga wa wanamazoezi huwa na kanitini.

Sabuni ilibadilishwa wiki iliyofuata, si pamoja na mlo. TMA ni besi, yaani kinyume cha asidi: kadiri ngozi inavyokuwa na asidi ndivyo inavyobaki chumvi isiyopaa. Sabuni ya mche ni ya pH 9 hadi 10, kwa hiyo aliyekuwa akiambiwa "oga tena" alikuwa akisaidiwa kunuka. Inatumika ya maji yenye pH 5.5, kwa mkono, bila dodoki.

Juni, tulipo sasa

Wiki ya kwanza ya mlo haikuonyesha tofauti ya kuaminika. Ya pili, alama za shombo zilikaa kati ya 0 na 1, na kipindi cha hedhi kilifika 2 pale ambapo zamani kilikuwa 4. Mhusika amerudi kukaa kiti cha mbele kwenye matatu.

Kinachofuata ni kurudisha vyakula kimoja kimoja, kwa sababu mlo wa kubana hauna haki ya kudumu zaidi ya ulazima wake. Mbaazi kwanza, nusu kikombe, siku tatu za kungoja. Kisha yai moja. Kisha sukuma wiki. Kitakachopita bila kupandisha alama kinabaki mezani. Vya baharini vitajaribiwa mwisho, kwa gramu 50.

Riboflavini (vitamini B2), inayokisaidia kimeng'enya, haijaanzishwa ili isitie ukungu kwenye zoezi hili. Ikihitajika, itakuwa miligramu 30 hadi 40 pamoja na chakula, mara 3 kwa siku, baada ya daktari kukubali. Mkaa wa dawa na klorofilini ya shaba, vya kunasa TMA tumboni, vimewekwa akiba. Mkaa hunyonya na dawa nyingine, pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango, hivyo haumezwi karibu navyo.

Sampuli ya pili ya mkojo imepangwa siku mbili kabla ya hedhi inayotarajiwa, kwa mlo uleule wa nguru gramu 300. Ikirudi chini ya asilimia 90 tena, ombi la kupima jeni ya FMO3 litaandikwa. Ikirudi juu, uchunguzi unahamia kwenye utumbo: bakteria waliozidi kwenye utumbo mwembamba, na choo kigumu kinachowapa muda mrefu wa kufanya kazi.